Rangi Kwenye Saa ya Mzee

Kazini walimwita Bwana Sekunde, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika kliniki moja ya ghorofani, kwenye chumba cha nyuma ambacho wagonjwa hawakukijua. Huko alishinda na vumbi la plasta kwenye nyusi, akiyeyusha nta, akipanga meno moja moja kwenye fizi za plastiki, kisha akiyang'arisha kwa mota yenye gurudumu la kitambaa mpaka yakawa kama yametoka kunyeshewa mvua. Na kila siku mkono wake wa kushoto ulikuwa na saa. Si saa ile ile. Alikuwa nazo kumi na moja, na kila asubuhi alichagua ya kuvaa kwa umakini ambao mke wake alisema hakuuona hata siku alipokuja kuposa.

Zote zilikuwa saa za kutia ufunguo. Za betri alizidharau. Saa ya betri, alipenda kusema, ni kama meno ninayotengeneza mimi: yanatafuna vizuri tu, lakini hayana mzizi.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha fundi saa, ambako wanaume watatu wanne wenye ugonjwa kama wake walibanana kwenye benchi moja. Walipokezana saa, wakaziweka masikioni, wakabishana ipi inachelewa sekunde ngapi kwa wiki, mkanda wa ngozi usafishwe kwa kitu gani, na kama ni haki kuvaa saa ya maana siku ya mvua. Mmoja wao, mhasibu mstaafu, alikuwa na saa ambayo kwa miaka tisa hajawahi kutoka nayo nje ya mlango. Wenzake walimtania kwamba ameoa, kisha akamwacha mke kwa wazazi wake.

Bwana Sekunde alisifika kwa jambo moja hapo benchini. Ukimpa saa iliyochakaa, iliyopauka kama kijiko cha jikoni, aliondoka nayo, na baada ya siku chache aliirudisha iking'aa. Kazi ya ndani, ya kamani na magurudumu, aliifanya fundi saa. Ya nje aliifanya yeye kwa mota ya kliniki, watu wakishaondoka kazini. Fundi saa hakuipenda sana tabia hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, lenzi haimtoki jichoni, na zaidi ya mara moja alimwambia kwamba chuma ukikisugua hukiongezi kitu, unakipunguza. Bwana Sekunde alicheka. Alijua fundi saa ana wivu kidogo, maana kazi ya ndani haionekani.

Mke wake alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mtaratibu, mwenye sauti ambayo haikupanda hata watoto arobaini wakimpigia kelele kwa pamoja. Baba yake alikuwa fundi rangi. Alipaka nyumba, shule, ofisi na mageti kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo alivaa saa moja tu, ya chuma, ya kutia ufunguo, aliyopewa na tajiri mmoja aliyependa kazi yake. Hakuivua akipanda ngazi, hakuivua akikoroga rangi. Alipofariki, mtoto wa kiume alirithi brashi na ngazi, kwa kuwa naye ni fundi rangi, na binti akapewa saa.

Saa yenyewe ilikuwa imekwisha simama. Mke aliifunga kwenye leso, akaiweka kwenye droo ya kabati la nguo. Mara moja moja aliitoa, akakaa nayo kitandani, akaigeuza geuza, akairudisha.

Mume aliiona siku ya kwanza na roho ikaitamani. Chini ya uchafu ule aliitambua: saa ya maana, ya kizazi ambacho hakitengenezwi tena, na wenzake wa benchini wangeigombania. Lakini hali yake ilisikitisha. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mpaka namba hazisomeki. Chuma na kioo vilijaa madoadoa ya rangi, huku jeupe, kule la kijani, kule la buluu, kama yai la ndege fulani. Mkanda ulikuwa umekauka, umepindana, umeshika harufu ya tapentaini. Kila droo ilipofunguliwa ilimwasha mkono. Aliona kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba na yeye daktari anapita tu.

Siku moja alimuuliza mkewe, "Kwa nini nisiitengeneze saa ya mzee?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alisema, "Tutaona, baba watoto." Akaendelea kukunja.

Mwanamke akisema tutaona, kila mume anajua maana yake. Bwana Sekunde naye alijua. Lakini mtu akitaka jambo sana, masikio yake hupata akili yao wenyewe, na yeye alilichukua lile tutaona akaliweka kama ndiyo iliyochelewa.

Ikatokea mke akaitwa kwenye semina ya walimu ya wiki mbili. Na Jumapili ya kurudi kwake familia ilikuwa ikutane kwa mama mkwe, kwa sababu mama alikuwa anahama nyumba ya zamani kwenda kukaa kwa mwanawe. Bwana Sekunde alipanga yote kichwani. Watoto wote watakuwepo, mama atakuwepo, naye atatoa saa ya mzee mbele yao, inakwenda, inang'aa, kama siku ile tajiri alipoitoa kwenye boksi. Alimwona mkewe akifunika mdomo kwa mkono. Alimwona shemeji yake akiomba aishike. Alifurahi mapema, furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Gari la semina lilipoondoka tu, saa ikatoka kwenye leso.

Fundi saa aliifungua, akaipuliza, akasema ndani ni nzima, imeziba mafuta ya zamani tu. Aliisafisha siku tatu. Kioo kipya alikitia kwa kuwa aliombwa. Bwana Sekunde alipotaka na uso wa saa uoshwe, maana ulikuwa umegeuka rangi ya chai, fundi saa alikataa, akasema uso asiuguse mtu. Halafu akakitazama kile chuma chenye madoa, akauliza, "Mwenyewe anajua?"

"Ni ya mke wangu," alijibu.

"Nimeuliza kama anajua."

Akajibu kwamba ni zawadi. Fundi saa akarudisha lenzi jichoni.

Chuma alikifanya mwenyewe. Alikiloweka kwenye dawa ya kuyeyushia rangi, madoa yakavimba, yakajikunja, yakatoka kama maganda. Yaliyogoma aliyakwangua kwa kisu kidogo cha kuchongea nta. Kisha akawasha mota. Jioni mbili alisimama pale, na mikwaruzo ikafifia, kona zilizolika zikalainika, chuma kikaanza kumwonyesha uso wake mwenyewe. Mkanda aliutupa kwenye ndoo ya taka pamoja na plasta iliyovunjika, akanunua mwingine, wa ngozi nyeusi, mwororo kama shavu la mtoto. Alipomaliza aliiweka sikioni. Ilikuwa inakwenda vizuri mno. Katika saa zote alizowahi kuzisafisha, hii ndiyo iliyompendeza kuliko zote, na alikaa nayo kwenye kiti cha kazi muda mrefu akitabasamu peke yake.

Jumapili ikafika. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imejaa maboksi, viti vimepandishwa juu ya meza, kuta zina alama za picha zilizoondolewa. Wamekaa sebuleni juu ya vilivyobaki, wamechoka kubeba. Mama alikuwa kwenye kiti chake, macho yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Bwana Sekunde akajikohoza, akatoa kijisanduku mfukoni, akapiga magoti mbele yake kwa heshima, akamwekea saa kiganjani.

"Mama, shika hii," alisema.

Mama akaishika. Vidole vyake vikapita juu ya kioo, vikazunguka chuma, vikashuka kwenye mkanda. Kidole gumba kilitembea taratibu kwenye mkanda mpaka mwisho, kikarudi, kikatembea tena, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi. Halafu akainua uso.

"Hii ya nani?"

Bwana Sekunde alifungua mdomo. Kabla hajasema, aligeuka kumtazama mkewe, na alichokiona usoni mwake kikamkatiza. Mkewe alikuwa ameitambua. Sijui kwa alama gani, labda kwa ule uso wa rangi ya chai. Hakufunika mdomo. Alikuwa anaitazama ile saa kama mtu anavyotazama barabarani baada ya breki kulia.

Akasema, kwa sauti yake ile ile ya darasani, "Ya mume wangu, mama. Amenunua mpya."

"Nzuri," alisema mama, akamrudishia mkwewe. "Laini. Na ya mzee iko wapi?"

"Iko nyumbani, mama."

"Siku moja niletee niishike."

"Nitaleta."

Shemeji mtu akasogea, akaisifu saa mpya, akauliza amenunua wapi. Bwana Sekunde akajibu kitu, hata hakumbuki nini. Akaivaa mkononi kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, na akabeba maboksi mpaka mwisho wa siku akiwa ameivaa.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja mwisho. Ya kwake hayakusubiri hata mtoto azaliwe. Walipanda nayo basi la kurudi. Mke alikaa dirishani. Hakulia, wala hakugomba, na mume aliomba kimoyomoyo agombe. Alipojaribu kueleza kwamba alitaka kumfurahisha, mke alisema anajua. Alisema hivyo tu, najua, na akaendelea kutazama nje.

Jumatatu alikwenda kazini kabla ya mfagizi. Ndoo ya taka ilikuwa tupu tangu siku nyingi. Alimsubiri mfagizi, akamfuata mpaka nyuma ya jengo kwenye pipa kubwa, akainama humo mikono yake mizuri ya kazi ikafukua pamba na glavu. Mkanda haukuwepo. Kwa fundi saa alikiulizia kile kioo cha zamani. Fundi saa alifungua makopo mawili ya vioo vibovu, akayamwaga juu ya gazeti, wakatafuta pamoja kichwa kwa kichwa. Walikipata cha saa nyingine chenye mikwaruzo inayofanana, na kwa sekunde moja Bwana Sekunde alifikiri kukichukua. Kisha akakirudisha kwenye kopo.

Ndipo likamjia wazo la kifundi. Katika kazi yake kulikuwa na siri ambayo watu wengi hawaijui: mzee wa miaka sabini humtengenezei meno meupe. Ukimpa meupe, hata wajukuu watamcheka. Unayatia umanjano kidogo, ufa mdogo hapa, doa la chai pale, na akicheka kila mtu anaamini ni yake. Bwana Sekunde alikuwa hodari sana wa madoa hayo. Basi akanunua vikopo vidogo vya rangi, nyeupe, kijani na buluu, akachukua brashi yake nyembamba kuliko zote, akaiweka saa chini ya taa.

Brashi ikabaki hewani. Hakukumbuka. Lile jeupe lilikuwa kulia au kushoto? Buluu ilikuwa kwenye kioo au kwenye chuma? Jioni mbili nzima aliyatazama madoa yale kwa karibu kuliko mtu yeyote, doa moja moja, akiyakwangua, na hakuyaona. Aliuona uchafu tu.

Alikaa na jambo hilo kama wiki mbili. Mwishowe, Jumamosi mchana, badala ya kwenda kwenye kibanda, alibaki nyumbani. Mkewe alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Alikaa mbele yake, akamweleza kila kitu, ndoo ya taka, kioo, vikopo vya rangi. Halafu akamwomba amwambie madoa yalikuwa wapi.

Mke hakuinua kichwa. Aliendelea kusahihisha, na huku akisahihisha akamwambia. Lile jeupe karibu na kitufe cha kutilia ufunguo lilitoka kwenye dari ya zahanati, wiki aliyozaliwa yeye. Baba yake alipewa habari akiwa juu ya ngazi. La buluu lilikuwa kwenye kioo, karibu na namba nne. Ni la mlango wa chumba chao cha utoto. Yeye na kaka yake waligombania rangi siku mbili, baba akachanganya zao zote mbili kwenye kopo moja, ikatoka buluu ambayo hakuna aliyeitaka, na wakaishi nayo. La kijani lilikuwa chini, la shule aliyosoma. Alikuwa ndani akifanya mtihani, baba yake yuko nje dirishani anapaka ukuta, amemkataza asigeuke, na alipogeuka akamkuta naye anamchungulia. Kulikuwa na kahawia kwenye mkanda, lakini ile haikuwa rangi, ilikuwa vanishi ya jeneza la bibi yake. Mzee alilipaka mwenyewe na hakutaka kusaidiwa.

Na mkanda ulikuwa na tundu la ziada. Mzee alipougua, mkono wake ulikonda, saa ikawa inazunguka mpaka kwenye kiwiko. Mama alipasha msumari jikoni, akatoboa tundu jipya kwa mkono wake. Mzee akamtania kwamba akizidi kukonda yeye, mkanda huo huo utamtosha mkewe mkononi na yeye shingoni.

Hapo akaacha kalamu.

"Kuna mengine," alisema. "Lakini mengine sikuwa nayakumbuka mpaka niishike. Nikiishika ndiyo yanakuja. Sasa hata sijui nimesahau mangapi."

Basi Bwana Sekunde aliacha wazo lile. Vikopo vya rangi hakuvigusa tena.

Kilichobaki cha mzee kwenye ile saa ulikuwa uso, ule aliouokoa fundi saa, na mtambo wa ndani. Mahali ambapo mzee mwenyewe hakuwahi kugusa hata siku moja. Palipoguswa na mkono wake, na jasho lake, na kazi yake, pote pameondoka.

Mama mkwe hakusahau. Kila walipokwenda kumtembelea aliuliza, na kila mara mke alisema ameisahau nyumbani, au iko kwa fundi. Kumdanganya mama yake kulimkosesha raha mwanamke yule ambaye hakuzoea uongo. Mara ya tatu, wakiwa njiani kwenda, alisema leo atasema ukweli. Mume akamwambia, "Niache niseme mimi. Kosa ni langu."

Akasema yeye. Alipiga magoti tena mbele ya kile kiti, safari hii bila kijisanduku, akaivua saa mkononi na kuiweka kiganjani mwa mama, akamweleza kwamba ile mpya aliyoishika siku ya kuhama ndiyo ya mzee. Alieleza dawa, kisu, mota, na mkanda. Hakujitetea hata kwa neno. Mama alisikiliza uso ukiwa umeelekea dirishani penye mwanga. Jikoni birika lilikuwa likichemka.

"Mzee alizichukia zile rangi," alisema mama hatimaye. "Kila Jumapili alikaa barazani anazikwangua kwa kisu. Zilizobaki ni zile zilizomshinda."

Bwana Sekunde alihisi kama kuna mtu amemtua mzigo mabegani. Akainua kichwa. Mama alikuwa bado ameshika mkanda mpya, kidole gumba kinatembea.

"Ila mkanda ungeniachia, mwanangu."

Aliyasema bila hasira, na akamwambia aivae yeye, maana saa isiyovaliwa huharibika. Akaivaa.

Walipokuwa wakirudi, mke alisema kwamba yeye alikua kwenye nyumba ile na hakuwahi kumwona baba yake akikwangua saa kwa kisu, si Jumapili wala siku nyingine. Huenda mama alimwonea huruma mkwewe. Au huenda ni kweli, na yeye alikuwa mtoto, anacheza, hakuangalia. Alisema hatajua tena. Mume alimshika mkono, naye hakuuondoa, lakini hakukaza vidole.

Miaka imepita. Saa nyingine kumi na moja amezipunguza, amebaki na nne, na ile mota anang'arishia meno tu. Kwenye benchi ya Jumamosi bado huenda, ila mtu akileta saa iliyochakaa na kumwomba aing'arishe, humwambia amestaafu kazi hiyo, na wakimuuliza sababu hutania kwamba mkono umezeeka. Mke hakuwahi kuiomba saa ya baba yake, wala hakusema asiivae. Ile leso aliifua, akaanza kuitumia kama leso nyingine yoyote.

Mama mkwe bado yuko hai, haoni kabisa sasa. Wakienda kumwona, baada ya salamu hunyoosha mkono, na mkwewe, anayejua anachotafuta, humpa wake. Mama hupapasa saa, hushuka kwenye mkanda, huuliza kama bado inakwenda sawasawa. Naye hujibu, ndiyo, mama, haijapoteza hata dakika. Wakati huo mke wake huwa ameshainuka na kwenda jikoni kuangalia chai.